Pua Imegoma, Kuni Nazijua

Jumatatu, 4 Machi
Mafua yameisha, pua haijarudi. Nimenusa mkaratusi mbichi, ule unaozibua kifua cha mtu akiwa bado mlangoni — hakuna kitu. Nikaukwangua, nikanusa tena. Kama kunusa ukuta. Mama alinifundisha kuchagua kuni za tanuri letu la mikate kwa pua kwanza, macho baadaye. Basi nitaanza na macho. Simwambii mtu!

Jumatano, 6 Machi
Gome la mgunga lina mipasuko mirefu. Likwangue, ndani jekundu. Msonobari unanata vidoleni. Mkaratusi nyuzi zake zimejisokota, shoka linakwama. Adui ni mwarobaini: moshi wake unatia mkate uchungu. Leo nimelamba gome lake. Wifi, mke wa kaka, kanikuta ulimi nje. Anauliza kama siku hizi nashindia kuni. Nikamwambia afadhali hizi, zina ladha kuliko mchuzi wake.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeumbuka. Kitambaa kimeungua nyuma yangu, mimi nakata madonge ya unga tu, sinusi kitu. Wifi kaingia mbio na ndoo. Kumbe alishaanza kunishuku. Jioni kaka kaniita: kuanzia Jumamosi kuni atachagua shemeji, mume wa mdogo wetu. Mimi nikauze mikate dirishani. Eti, “Pumzika, mdogo wangu.” Shemeji huyo huyo anayesema kuni ni kuni! Nilikataa. Nikaenda bafuni nikalia kwa hasira, nikanawa, nikarudi kukataa tena.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kaleta mzigo umebanduliwa magome yote, eti ukauke upesi. Haya — gome sina, harufu sina. Nimebaki na nyuzi na uzito. Wao wamenusa, wamekubaliana: mgunga mtupu. Mimi nimetenga vipande kadhaa. Wekundu ni ule ule, lakini mkononi vyepesi, na nyuzi haziendi kimgunga. Mwarobaini! Shemeji kacheka, akataka kuvitupia ndani na vingine. Nimevikalia. Naandika nikiwa juu yake.

Kaka anasema inuka, tanuri linapoa, wateja wamefika. Nikamwambia achome kimoja hapa uani, aoke donge moja juu ya moshi wake, ale mwenyewe. Wifi ndiye aliyeleta donge, bila kuambiwa.

Limeiva. Kaka amemega, anatafuna polepole. Uso wa kaka hausemi kama mkate ni mchungu au la. Anamega tena.

Sijainuka.