Chatu Wangu Huenda Yumo Kwenye Kochi la Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na tafadhali usiniweke kwenye foleni, maana barua hii naiandika kwa simu nikiwa nimekaa kwenye kochi la mama mkwe na sina hakika nimekalia nini.

Mimi ni fundi wa makochi, nafumua yaliyochakaa, nabadilisha springi na sponji na kuvalisha kitambaa kipya, na karakana yangu ni chumba cha nyuma cha nyumba tunayopanga. Kabla sijaoa nilinunua chatu kwa bwana mmoja anayeuza wanyama kutoka ng'ambo, alikuwa mdogo, mwembamba kama mkanda wa suruali, na yule bwana aliniapia kwamba nyoka wa kufuga nyumbani hahitaji kibali, kibali ni cha simba na chui, nami sikuuliza zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshampenda. Nikamwita Bosi. Nisikufiche mshauri, kazi yangu ni ya upweke, kutwa nzima ni nyundo na mkasi, na kuwa na kiumbe anayeshinda karibu yako bila kukudai maneno ni raha ambayo watu hawaielewi, halafu mtaani wakaanza kuniita Baba Chatu na mimi nikavimba kichwa.

Shida ni kwamba Bosi hakuacha kukua. Sanduku la kioo likamshinda nikamtengenezea la mbao, la mbao akajifunza kusukuma kifuniko, sungura aliyekuwa akimshibisha akawa kama kionjo tu, umeme ukikatika nahangaika na chupa za maji ya moto asije akapata baridi, na alipotoka vidonda mdomoni nilimpigia daktari wa mifugo, nilipomtajia urefu wa mgonjwa akasema yeye ni wa ng'ombe na mbuzi, akakata simu. Mke wangu alivumilia yote hayo mpaka tulipojaliwa binti. Siku moja akamkuta Bosi amejikunja chini ya kitanda cha mtoto, na kweli hakuwa amefanya lolote, alikuwa anatafuta joto tu, lakini mke wangu hakutaka kusikia habari za joto, alifunga nguo za mtoto akaenda kwa mama yake na kuniachia maneno haya: "Siku akiondoka huyo, mimi nitarudi. Sijaolewa nije kushindana na nyoka."

Nikamfunga kamba mke wangu, mshauri. Nilimwambia kwamba Bosi nimeshamtoa, kumbe nilimhamishia karakanani tu, naye akasema atarudi akishaniamini. Na ili kujipendekeza nikachukua kochi la mama mkwe, lile kubwa la watu watatu, nikalitengeneza upya bure, fremu ya mbao ngumu, sponji ya daraja la kwanza. Sasa sisi mafundi tukishamaliza juu ndipo tunapolilaza kochi ubavu na kupigilia kile kitambaa cheusi cha chini kinachofunika springi. Nilipigilia upande mmoja, giza likaingia, nikaliacha hivyo, na asubuhi nikamalizia pande zilizobaki bila kuchungulia ndani kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwa mama mkwe, atafurahi vipi. Wabebaji walilalamika kwamba kochi ni zito, nikawajibu kwa majivuno kwamba mbao ngumu ndivyo ilivyo. Niliporudi kumlisha Bosi nikakuta kifuniko kiko pembeni na sanduku ni tupu.

Nimepekua karakana yote mpaka ndani ya mifuko ya sponji. Juu ya dirisha kuna pengo, labda alipitia hapo, na mimi huomba iwe hivyo, halafu nakumbuka watoto wa jirani wanaocheza nyuma ya lile dirisha, basi naomba isiwe hivyo.

Tangu hapo nakuja hapa kila siku. Nakaa, nabonyeza, nasikiliza. Mama mkwe ana furaha isiyo kifani, jana alimwambia mke wangu nikiwa nasikia, "Mwanangu, huyu mwanamume amebadilika. Hata pa kukaa pengine hapataki, anataka hapa hapa karibu na sisi." Mke wangu naye ameanza kunitania tena kama zamani. Mchana wanapenda kumlaza mtoto hapa kwa sababu kochi ni laini, na mimi nawahi kusema nipeni nimbebe. Nilijaribu kudai nimesahau kukaza msumari, kochi lirudi karakanani, mama mkwe akacheka, "Mkwe wangu, kochi halina kasoro. Hebu tulia unywe chai." Nikainywa, nikabonyeza tena.

Nikisema, itajulikana kwamba nilidanganya na ndoa yangu itakuwa imekwisha, tena nasikia kukutwa na nyoka wa kigeni bila kibali ni kesi. Nisiposema, nalala na roho juu. Rafiki yangu dereva ananishauri ningoje wakitoka wote, nilifumue, nikimkuta nikamwachie mtoni mambo yaishe. Nifanye nini mshauri? Mtoto amesinzia mapajani mwangu na bibi yake ameshaleta shuka ya kumtandikia.

Ni mimi,
Fundi niliyekwama

*

Fundi,

Wasomaji wa ukurasa huu wanajua kwamba barua hungoja zamu. Yako haikungoja. Niliisoma ilipoingia nikakupigia papo hapo, ukapokea kwa kunong'ona. Nikakuuliza mtoto yuko wapi. Ukasema bado umempakata. Nikakwambia simama. Ukaanza, "Lakini mshauri, nikisimama ghafla hivi wataniuliza..." Nikakwambia waache waulize, toka nje na kila mtu aliyemo humo ndani, funga mlango. Nashukuru kwamba kwa mara ya kwanza katika hadithi hii ulifanya ulichopaswa kufanya.

Watu wa wanyamapori, uliowapigia mwenyewe mara tu mlipotoka, walipolipindua kochi na kuchana kitambaa cheusi, Bosi alikuwa mle, amejizungusha kwenye springi, wakamtoa wakaondoka naye. Ofisa wao alinieleza kwamba alikuwa karibu kujivua ngozi, macho yamefunga ukungu. Katika hali hiyo chatu hujificha pembamba penye giza, haoni vizuri, na hushtuka upesi. Akaniambia pia kwamba wa ukubwa ule hashikwi na mtu mmoja, hata awe mpole namna gani, kwa sababu akikaza mwili mmoja hatoshi kumfungua. Na wewe, bwana mkubwa, siku zote hizo ulikuwa unambonyeza kwa kiganja huku mtoto asiyejua hata kukaa akiwa begani mwako. 

Sikucheki kwa kumpenda nyoka. Mtu hupenda anachokilea, na najua karakana sasa ni kimya cha namna nyingine. Lakini kupenda kwako kulikuwa kwa kujifurahisha. Ulipenda kuitwa Baba Chatu. Kama ungempenda yeye ungeuliza tangu mwanzo atakuwa mkubwa kiasi gani, atalala wapi, ataota joto gani, nani atamtibu, na ungejua kwamba wa aina hiyo huishi miaka mingi kuliko makochi yako yote. Mnyama aliyeumbwa kuogelea na kuvizia uliishia kumfungia kwenye sanduku ambalo hata kujinyoosha hawezi, halafu ukashangaa anatafuta mlango.

Habari ya sheria nimemuuliza mwanasheria, naye amesema ile hadithi ya simba na chui ni ya kuuzia nyoka. Mnyama wa kigeni wa hatari anahitaji kibali cha kumwingiza nchini na kibali cha kumfuga, kibanda chake kikaguliwe, asili yake ijulikane, na kuna aina ambazo mtu binafsi haruhusiwi kabisa. Wewe hukuwa na lolote. Umeitwa ofisi ya wanyamapori, basi nenda, tena nenda na mwanasheria, useme ukweli wote ukianza na yule bwana aliyekuuzia, maana hivi sasa kuna mwingine anaapiwa kama ulivyoapiwa. Kosa ni kosa na utaadhibiwa, lakini aliyeita mwenyewe hatazamwi kama aliyefumaniwa. Na huyo rafiki yako dereva mwambie abaki kwenye usukani. Kumwachia chatu wa ng'ambo mtoni ni kosa jingine, kubwa zaidi. Akishindwa kuishi atakufa kwa mateso, na akiweza atakula kila kilichomo, halafu watu wanaoteka maji pale ndio watakaokutana naye.

Hapo ningefunga ukurasa, lakini juzi umeniandikia tena.

Unasema mkeo alikasirika sana kusikia Bosi alikuwa karakanani muda wote. Halafu akakusamehe, kwa sababu ulimwambia kwamba mchana ule ndipo ulipohisi kitu kinatikisika, ukaruka na mtoto. Mama mkwe anawasimulia majirani jinsi mkwe wake alivyookoa mjukuu. Mkeo amefungasha, anarudi nyumbani Jumapili. Nawe unaniuliza, kwa upole kabisa, kama kuna haja ya kuyachimbua yaliyobaki.

Ipo. Kinachomrudisha mkeo si kuondoka kwa nyoka. Anarudi kwa sababu kila siku mume wake alikuja, akakaa, akataka kumbeba mtoto, na anaamini ulikuwa unamfuata yeye. Ulikuwa unamfuata nyoka. Huenda na yeye pia ulimfuata, sikatai, huenda hata zaidi. Lakini hilo lisikie kinywani mwake, usijiamulie wewe. Ulijua kwamba hatari inaweza kuwa chini ya mtoto wake, ukanyamaza, ukanywa chai. Huo ndio ukweli, na mkeo ana haki ya kuusikia kabla hajapanga nguo zake kwenye kabati lako.

Basi fanya hivi. Mwite pembeni, mama yake asiwepo. Usianze na mapenzi, anza na sanduku tupu, siku uliyolikuta na siku ulizokaa kimya. Usitie neno "lakini". Akinyamaza, nyamaza. Akisema harudi, mbebee mzigo wake umrudishie ndani, uendelee kwenda pale kila siku kama ulivyokuwa ukienda, safari hii bila sababu nyingine. Kama alikupenda kwa kuja kwako, atakuona ukija.

Nilipokuomba ruhusa ya kuchapisha barua hii ulikubali, ukasema jina lako halimo. Fundi wa makochi mwenye chatu ni mmoja tu mtaani kwenu. Nikakuuliza kama mkeo husoma ukurasa huu, ukacheka, ukasema ndio anaoanza nao. Nilikupa mpaka jana jioni uwe umemwambia. Kama umefika mstari huu na bado hujamwambia, weka gazeti chini uende sasa hivi, maana na yeye anajua kusoma.