Dawa ya Ngozi na Mguu wa Awuor

Landi za Reli,
Nakuru.
Jumapili, 18 Mei 1958

Mpendwa mwanangu Dalmas,

Pokea salamu nyingi za mama yako. Uko mzima? Kile kifua chako hakijakusumbua na baridi ya Uingereza? Ile sweta niliyokufumia ivae ndani ya koti, usiiweke sandukuni ukisema haijapatana na suruali. Sisi huku tu wazima, ila goti langu, nalo nimeshalizoea. Mvua inanyesha, na matope ya hizi nyumba zetu za landi unayajua.

Baba yako anakusalimu sana. Siku hizi wamemweka kwenye treni ya mizigo ya Uganda, akija leo kesho ameondoka. Nguo zake nazifua, mwenyewe simwoni.

Sasa mwanangu, kopo ulilonitumia lilifika salama. Jirani yetu Mama Wamalwa alichungulia ndani akaniuliza kama haya ni maziwa ya Wazungu, na kama yanaingia kwenye chai. Nikamweleza kama ulivyoniandikia, kwamba hii ni dawa wanayofundishwa huko kwenye shule yenu ya ngozi. Watu wa kemia wanaipika kiwandani, haitoki kwa mti wala kwa mnyama, na ngozi ikishainywa inakauka humo ndani kama plastiki, inazishika nyuzi zake zisiachane. Mama Wamalwa akasema basi nimpe kidogo akampake mume wake, labda naye ataacha kulegea.

Unajua kwa nini nililingoja kopo hilo. Tangu polio iushike mguu wa dada yako Awuor, anasimama kwa chuma alichofungwa mguuni, na chuma chenyewe kinashikwa na mikanda ya ngozi. Inakunywa jasho, inakunywa mvua, inavimba, ikikauka inapasuka kwenye matundu. Mwezi wa pili mkanda mmoja ulikatika sokoni, akaanguka katikati ya magunia ya viazi ya watu wa Kuresoi. Walimwinua vizuri, nikamshika mkono mpaka tukafika nyumbani. Na wale walimu wa misheni upande wa Kakamega walikuwa wameshatuambia, nafasi yake ya shule ipo, lakini sharti awe anatembea mwenyewe. Huko hakuna mtu wa kumshonea mkanda kila wiki.

Basi nikaipaka dawa ile mikanda siku hiyo hiyo. Haikuingia. Ilikaa juu, na asubuhi nikaikuta kama utando wa uji uliopoa, naubandua kwa kidole. Nililia, Dalmas. Nikajua imeharibikia baharini.

Nikaenda kwa Hezekiah, yule fundi wa viatu wa karibu na stesheni. Akaukunja mkanda, akaunusa, akaanza kucheka.

"Mama Dalmas, huu umekuwa ukiulisha nini?"

Nikamwambia mafuta ya kondoo, kila Jumamosi, tangu hospitali wampe Awuor mikanda hiyo. Kwetu ngozi isiyopakwa mafuta ni kama mtoto asiye na mama, wewe umeona nilivyokuwa nikivipaka hata viatu vyako vya shule.

"Ndiyo hiyo sasa," akasema. "Umeishibisha. Ukimwandalia mgeni aliyekwisha kula kwa jirani, atakitia wapi hicho chakula?"

Akatoa ngozi mpya ya kiwandani, iliyotengenezwa kwa magome ya mti wa muwati tu, kavu, haijaonja mafuta. Akakata mikanda, akailowesha kwenye dawa iliyobaki mpaka vipovu vikaacha kutoka, kisha akaianika kivulini, pole pole, jua lisiione. Ilipokauka tukaimwagia maji, yakakimbia. Akaukanyaga mmoja na kuuvuta kwa mikono miwili, akaniita nami nikavuta, watu wanapita wanatutazama. Matundu hayakupanuka. Na bado unakunjika vizuri, haumchubui Awuor.

Jumapili iliyofuata tulienda kanisani mvua ikinyesha. Kwenye ule mteremko nikanyoosha mkono nimshike, kama siku zote. Awuor akasema, "Mama, niache. Nataka nione kama ninaweza."

Nikaurudisha mkono wangu ndani ya leso. Alifika mlangoni mwa kanisa kabla yangu, akageuka, akasimama kuningoja.

Jumanne baba yako alimpeleka shule kwa treni. Nilimfungia mikanda mingine ndani ya blanketi, nikamwambia asiipake mafuta, nikamwambia tena, mpaka akasema nimeshamwambia. Alipanda ngazi ya behewa mwenyewe.

Tangu hapo nyumba imenyamaza. Nilikuwa nikijua alipo kwa mlio wa chuma chake kwenye simenti, sasa yuko jikoni, sasa yuko bombani. Siku hizi nasikia treni tu. Nasonga ugali, unabaki. Mama Wamalwa huja tukaongea, halafu jioni anaenda kwake, ana watu wake wa kulisha.

Usifikiri siishukuru dawa yako, mwanangu. Naishukuru sana. Kila nikipiga magoti naiombea ile mikanda isikatike. Lakini nikishasema amina sinyanyuki upesi, kwa maana moyo una ombi lingine juu ya mikanda hiyo hiyo, nami naukataza usilitaje.

Ukimwandikia dada yako usimwambie hayo. Mwambie mama ana kazi nyingi, hata nafasi ya kukaa hana.

Shangazi yako Akoth wa Molo anakusalimu, na Mama Wamalwa, na Hezekiah, ambaye anauliza kama kopo hilo lina ndugu. Mungu aliyekuvusha maji yale yote akulinde huko, akuonyeshe na njia ya kurudi.

Akupendaye, ukiwa karibu au mbali,
Mama yako,
Akeyo