Rukuu Ndefu Sebuleni

Alhamisi usiku

Mimi nilitaka kazi ya kutunza vitabu tu. Mama na wenzake wanapanga kufungua kituo cha dini cha watoto wanaosomea nyumbani, na leo wakanijaribu ualimu, hapa sebuleni kwetu, mtaa wa Abu Hamour.

"Tunajifunza kuswali," niliwaambia watoto. "Fanyeni ninavyofanya."

Nikasukuma miwani, wote wakasukuma pua. Nikakohoa, wakakohoa. Nilipoinama kurukuu, aibu ikanisahaulisha kinachofuata. Nikabaki nimeinama. Nao wakabaki, kimya kabisa.

"Mashaallah! Wangu hata akilala hatulii hivi," alisema Mama Sumaiya, mmoja wa wenzake Mama. "Mwalimu tumeshapata."

"Jumamosi anaanza," Mama akajibu, bila kuniuliza.

Ningekataa, lakini nilikuwa bado nimeinama, na watoto walikuwa wananitazama wajue tunainuka lini.