Bushi za Springi Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 6 Aprili 1992
Nimefundisha vipindi viwili tu. Mvua. Landrova inagonga mbele kila shimo, ko-ko-ko. Bushi za springi, zile pete za mpira zinazoshika springi, zimekwisha; mpira wake umebaki vumbi. Na Ijumaa baba mkwe anatakiwa Mbeya kwa upasuaji. Anakojoa kwa mrija, anazidi kuisha. Daktari kasema akikosa zamu hii, ya mwezi ujao haitamkuta. Gari gani lingine litashuka Kisiba kwa tope hili? Tangu mume wangu afe naendesha mimi. Naogopa.

Jumanne, 7 Aprili
Tukuyu. Zamani kununua bushi moja mpaka upate kibali. Siku hizi biashara huria, duka limejaa hadi huoni ukuta, na hujui kipi cha kweli. Mzee Salum, muuza spea, alinipangia aina tatu: nyekundu za plastiki, zinang'aa kama peremende, nyeusi mpya za mpira, na kuukuu alizozitoa kwenye gari bovu.
"Mwalimu, hizo nyekundu usije ukanilaumu."
Nikachukua nyeusi. Cherehani yangu ndiyo imekwenda, nimeiuza kuzilipia. Sijutii.

Jumatano, 8 Aprili
Fundi Ambilikile kaja kutoka Kyimo. Nilimshikia spana upande wa pili. Gari juu ya jeki, tukakaza nati hadi viganja vikauma. Nikapanda nalo hadi lami kulijaribu. Kurudi: ko-ko-ko. Tukafungua. Mpira umeraruka. Mpya! Nilikaa topeni nikalia kama mjinga.

Alhamisi, 9 Aprili
Mama mkwe kaniletea maneno ya mumewe. Bushi za mpira hazikazwi gari likiwa juu. Unalishusha kwanza, likae na uzito wake, ndipo unakaza. Vinginevyo mpira unajisokota na kuchanika.
Jana aliona yote dirishani. Dereva wa ushirika miaka ishirini. Akanyamaza! Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawaonani, hawasemeshani. Mama alikuwa shambani, hapakuwa na wa kupitisha neno. Hata kumwita fundi hakuthubutu, nisije nikageuka nikamwona. Mila hii nimeishika miaka kumi na mmoja. Leo naichukia.
Nimekimbia tena Tukuyu. Nyeusi zimekwisha. Nimerudi na zile kuukuu, ngumu, zina nyufa. Sina la kuchagua. Tumezifunga gari likiwa chini. Baba mkwe kasimama nyuma ya migomba, katupa mgongo, anamfokea mkewe aliye pembeni yangu: "Mwambie asikaze kwa pupa! Alitikise kwanza!" Nilisikia kila neno. Nikangoja Mama arudie.

Ijumaa, 10 Aprili, asubuhi
Naandika kwenye benchi la hospitali. Kioo cha kutazamia nyuma nilikigeuza kitazame juu, nisimwone baba mkwe. Yeye nyuma, kalala, blanketi usoni. Mama kati yetu. Tulipofika Kiwira mlio ukaanza tena. Nilimwomba Mungu kwa sauti. Nilimchukia mzee, tope, na mume wangu kwa kufa. Tumefika.

Ijumaa, mchana
Nesi aliuliza jina la mgonjwa. Mama alikuwa ameenda chooni. Mkwe hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo.
"Dada, orodha ya upasuaji inafungwa."
Nikalitaja. Andongolile.
Kutoka kwenye machela, chini ya blanketi, akaitika, "Naam, mwanangu."
Wakamwingiza.