Mama Minza, Nimehamia Mjini

Mama Minza,

Nimehamia Bariadi mjini, nyumbani kwa binti yetu. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda habari za kuzungukazunguka. Sasa nivumilie nikueleze kwa nini nimeondoka Sapiwi, nikakuacha kaburini bila mtu wa kukaa nawe jioni.

Unakumbuka Minza alipoanza darasa la kwanza? Wewe nesi wa zamu, mimi mwalimu, na mtoto anatoka shule saa sita mchana anakuta mlango umefungwa. Siku moja ulimkuta amelala kibarazani, begi kalifanya mto. Wiki iliyofuata tukampeleka Sapiwi kwa mama yangu, "mpaka tujipange". Kujipanga kukachukua miaka miwili.

Kila mwisho wa mwezi tulikwenda kumwona, na sukari, na gauni jipya. Hapo ndipo tulipokosea: tulikwenda kama wageni, naye akatupokea kama wageni. Safari moja alituletea vigoda, akatunawisha mikono, akakupigia goti kwa adabu zote. Kisha akamgeukia bibi yake: "Wageni wanaondoka saa ngapi? Nataka kwenda kumwangalia ndama wangu."

Mama alicheka, nawe ukacheka. Njiani ulilia mpaka tukafika mjini. Wiki hiyohiyo ukaacha usimamizi wa wodi, ukaomba kliniki ya mchana, na Minza akarudi. Hatukumsimulia kamwe.

Mwezi uliopita alikuja Sapiwi na mumewe. Yeye hutoka ofisini jioni. Mumewe yuko kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, na msimu ukifunguliwa hana hata Jumapili. Holo, mjukuu wetu wa darasa la pili, hushinda kwa majirani, leo huyu, kesho yule. Walikuwa wamempatia shule ya bweni.

"Fomu nimeshajaza, baba. Nimekuja utubariki tu."

Nikamsimulia yote, hadi machozi yako. Nilidhani naye atalia.

"Kumbe hilo ndilo mlilokuwa mnalificha?" akashangaa. "Baba, kule nilinenepa! Nilikuwa na bibi, nilikuwa na maziwa ya mgando."

"Na ndama," mumewe akadakia.

Wakacheka. Kisha Minza akaitazama ile fomu. "Ila bwenini hakuna bibi," akasema.

"Babu yupo," nikajibu, hata kabla sijafikiri.

"Na mama je? Utaweza kumwacha?"

Nilikuja kukaa kando yako jioni tatu mfululizo, na kila jioni nilijua ungesema nini: "Mimi je, niliulizwa kama nitaweza kuiacha wodi?" Ng'ombe nimemwachia mdogo wangu. Ameahidi kupalilia pale ulipo.

Hapa najifunza upya. Jana Holo alionja uji wangu, akaniangalia kwa huruma. "Guku, babu yangu, ulikuwa unafundisha somo gani? Siyo la mapishi, eh?" Ungemsikia, ungesema amechukua ulimi wako.

Nakukumbuka, mke wangu. Jioni hunijia maneno ya kukuambia, nami huyameza, maana hapa kuna mtu anayesubiri kusomewa hadithi. Usinihesabie kuwa nimekusahau. Pumzika salama. Saa nane inakaribia, naenda kupasha wali. Mtoto wetu Holo anarudi na njaa.

Mumeo,
Baba Minza