Sungura Aliyenipigia Ngoma

Jumatatu, 3 Machi

Kijiji hiki cha Makere nikiugua siku mbili, hakiendi. Nani atanyoosha rimu? Nani ataziba pancha na mvua hii? Leo nimetengeneza baiskeli tisa kabla ya saa nne. Mgongo umekwisha. Halafu ndiyo nikaenda kulisha sungura.

Siku ya tatu sasa. Dada yangu Dafroza yuko hospitali Kibondo, anasubiri kupasuliwa tumbo. Binti yake Evelina kaenda kumuuguza. Akaniachia sungura wake, jike jeupe, jina Keza. Kizimba kiko nyuma ya nyumba yangu, cha mbao na wavu, juu ya nguzo nne.

Kuna jambo. Nikikata tu kona ya nyumba, Keza ananyanyua mguu wa nyuma na kupiga mbao. Du. Nikisogea, du tena. Mke wangu Leokadia akipita pale pekupeku, kimya. Ni mimi tu.

Mimi nimelielewa mara moja. Baba yangu alikuwa mpiga ngoma kule Burundi kabla hatujakimbilia huku. Akipiga, vilima saba vinasikia na ng'ombe wanaacha kula. Kwetu mtu mkubwa akifika anapokelewa kwa ngoma. Sungura kalijua hilo kabla ya mwenyekiti wa kijiji.

Na ngoma haiachwi bila jibu. Nikapiga gambuti chini mara tatu, makofi mawili. Akapiga. Nikapiga. Tumekwenda hivyo mpaka nikaishiwa pumzi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeita majirani waone. Watu kumi na wanne, sizidishi. Keza alipiga mpaka mbao zikalia. Mmoja akasema Nestori sasa una askari wako wa kukupigia saluti. Wakacheka. Wacheke.

Nimemchunguza vizuri. Macho yake yako kando ya kichwa, si mbele kama yetu. Hageuki, na bado ananiona nikiwa nyuma yake. Hapepesi. Sikio moja kanielekezea mimi, jingine liko barabarani kwenye bodaboda. Pua haitulii hata nukta. Huyu mnyama anaiona dunia nzima kwa mara moja. Na katika dunia yote kanichagua mimi.

Evelina kapiga simu jioni. Mama yake bado, wanatafuta damu. Akauliza Keza kala? Nikasema kala.

Nimechoka. Magoti.

Jumatano, 5 Machi

Majani ya viazi ya jana nusu yako pale pale. Nimempelekea mengine, nikamsogezea puani kabisa. Hakuyaona. Nikamsukumia. Akaruka nyuma akajigonga kwenye wavu. Mnyama anayeona mpaka mgongoni mwake, haoni jani lililo chini ya pua? Nikasema anaringa.

Nikaongeza ngoma ili achangamke.

Leokadia kasema nimwache apumzike. Nikamwambia yeye hakuzaliwa kwenye ukoo wa ngoma. Akarudi kwenye maharage yake. Siku hizi hanijibu.

Alhamisi, 6 Machi

Hajala kitu. Punje za kinyesi sita tu tangu jana, ndogo kama pilipili manga. Amejikunja kona ya nyuma, masikio yamelala mgongoni. Nikifika hapigi tena. Mbavu zinakwenda haraka haraka.

Naogopa. Naliandika hivyo hivyo.

Dafroza kapasuliwa asubuhi. Hajazinduka vizuri. Evelina sauti imemwishia. Alisema, "Mjomba, niambie hata kitu kimoja kizuri. Keza amekula?"

Nikasema amekula mpaka kashiba, anarukaruka. Akacheka kidogo, kisha salio likaisha.

Nimesema uongo mwingi maishani, na mwingine mzuri sana. Huu haukuwa mzuri. Huyu sungura akifa na dada yangu yuko vile, sijui nitamtazama vipi yule mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Kasulu kwa baiskeli. Matope na vilima. Mnyororo umekatika mara mbili, baiskeli ya fundi mwenyewe. Ningekuwa kijana ningefika kwa nusu saa. Si kweli. Hata nilipokuwa kijana sikuwahi.

Nimemtafuta Bi Zuhura sokoni. Kwao Tanga, anauza viungo, na nyumbani anafuga sungura. Ndiye aliyempa Evelina huyu Keza akiwa mdogo kama ngumi. Nikamweleza yote: ngoma, makofi, ukoo wetu, majirani kumi na wanne. Nilitegemea ashangae. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamfungia mteja bizari, ndipo akasema.

"Bwana Nestori, huyo hakupigii ngoma. Anawaambia wenzake kuna hatari, wakimbie. Sasa wenzake hawapo, na yeye mwenyewe hana pa kukimbilia."

Akataka nimwonyeshe ninavyofanya nikifika. Nikamwonyesha, gambuti na makofi, pale pale sokoni. Wauza nyanya wakageuka.

"Basi," akasema, "yeye anakwambia hatari, na wewe unamjibu ndiyo, hatari."

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Mengine akanieleza polepole kama mtu anayeongea na mgonjwa. Kishindo changu kinapanda kwenye nguzo na kumfikia miguuni kabla sijatokea. Anayemwinamia kutoka juu, kwake ni mwewe. Kilicho mbele ya pua yake hakioni, anakijua kwa kunusa na kwa sharubu, kwa hiyo jani liwekwe kando, lisisukumwe. Nivue viatu. Nikae chini, ubavu ubavu, nisimtazame. Nichukue nguo ya Evelina, harufu anayoijua. Ninyamaze.

Nikauliza mpaka lini. Akasema mpaka asahau kuwa upo.

Njia nzima ya kurudi nimelifikiria hilo. Mimi, nisahauliwe.

Jumamosi, 8 Machi

Alfajiri, giza likianza kuondoka. Bi Zuhura anasema ndio wakati wao wa kuona vizuri. Miguu mitupu, nikakaa kwenye tope, kanga ya Evelina magotini. Majani nimeyaweka kando kando ya mlango wa kizimba, nikauacha wazi.

Saa nzima bila kusema neno. Haijawahi kutokea, Leokadia ni shahidi.

Nikaanza kusikia vitu. Maji yakidondoka kwenye mgomba. Maharage yakipepetwa ndani. Bodaboda ikiwa mbali sana, kabla haijapanda kilima. Labda yeye ndivyo anavyosikia siku zote, kila kitu, na kila kitu chaweza kuwa mwewe. Inachosha. Mimi saa moja tu nilichoka.

Kisha nyuma ya bega langu, sauti ndogo sana ya kutafuna. Kru, kru, kru.

Sikugeuka. Shingo ilikuwa inauma na sikugeuka.

Mchana nimekuta punje nne za kinyesi, kubwa, za afya. Nimezihesabu mara mbili. Nikamwita Leokadia aje aone. Akasema miaka ishirini na mbili ya ndoa hajawahi kuniona nikifurahia kitu namna hii, na kitu chenyewe ni mavi.

Jumapili, 9 Machi

Kala. Dafroza kazinduka, kaomba uji. Evelina aliuliza habari za Keza, nikasema kala. Ilikuwa kweli, na niliisema kwa ufupi.

Alhamisi, 13 Machi

Evelina kaja kuchukua nguo za mama yake, kesho anarudi Kibondo. Dafroza anatembea kwa kushika ukuta. Keza alimjua mtoto kabla hajakata kona, akaja mlangoni, akamlamba vidole. Evelina akasema, "Asante, marume," kama mama yake alivyokuwa akiwaita wajomba zake zamani.

Nimemweleza yaliyotokea, hata ule uongo wa simu. Akamkuna Keza nyuma ya sikio, akasema basi, yamekwisha.

Leo jioni mvua imekatika. Nimekwenda nyuma pekupeku. Keza hakupiga. Aliinua kichwa, pua ikacheza, akarudi kwenye majani yake. Ndivyo inavyotakiwa.

Kuna moja sikumwambia Evelina, wala Bi Zuhura. Jumanne ile, kabla sijaita majirani, nilikwenda mpaka barabarani nikarudi nyuma ya nyumba. Nikaenda tena nikarudi. Mara nne. Sikuwa na kazi yoyote huko. Humu ndani nikiingia hakuna anayeinua kichwa, basi nilitaka tu kusikia mtu akifurahi kwamba nimefika.