Koti Nililolirekebisha

Kibandani kwa Fundi Bibiana,
Nyuma ya soko,
Kilosa Mjini.
14 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Imani,

Marahaba. Naitoa kabla hujaniamkia, maana najua hata ungekuwa umenikasirikia namna gani, ukiona mwandiko wangu mdomo utasema shikamoo wenyewe. Ndivyo marehemu baba yako alivyokulea. Haya, hujambo? Huko Kigoma wanakulisha? Na kile kifua chako kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi, kimepoa au upepo wa ziwa umekiongezea? Natumaini mjomba wako Melkizedek na watu wake wote ni wazima.

Sisi huku tupo, Mungu anatusaidia. Magoti yananiuma nikikanyaga cherehani muda mrefu, lakini hayo ni ya umri, si ya kumwandikia mtu barua. Mvua zimekwisha, na mwaka huu mto haukuingia jikoni kwetu. Mahindi ya shamba letu la Masanze hayakuwa mengi ila ya kula yapo. Treni ya umeme inapita, na watoto wa mtaani wameshaacha kuikimbilia.

Nimekupigia simu wee mpaka nimechoka. Hupokei. Ujumbe wangu unausoma, naona zile alama zikigeuka bluu, mimi si mshamba kiasi hicho. Ndipo nikasema niandike, maana barua huwezi kuikata katikati nikiwa naongea.

Nakuandikia habari ya lile koti.

Wajua nilivyokuwa nazichukulia kazi zako. Ulipoanza kununua majinzi mazima ya mtumba, ukaja kuyachana kwa wembe kwenye meza yangu, nilishika kichwa. Jamani, mtu ananunua nguo nzima aitoboe! Ukaja na hereni za meno ya zipu, mikufu ya minyororo ya baiskeli, mashati meusi yamejaa pini mabegani. Mama Upendo akaniuliza mbele ya mlango wa kanisa kama tumepata msiba. Nilikuwa nakutania, nawe ulikuwa unacheka. Lakini sikuwahi kukuuliza ile kazi ina utaratibu gani, na hilo linaniuma, kwa sababu mimi ni fundi na nilipaswa kuuliza.

Siku ile unakwenda kwa Seleina, rafiki yako wa Kimaasai, kufuata shanga, uliniambia, shangazi, nikichelewa nirekebishie lile koti, dada Happiness anakuja kesho. Nilijua uzito wake. Happiness ana duka la vitu vya watalii pale Mikumi, na alisema akilipenda koti hilo atakupa kona yako dukani, uwe unashona kule kule na jina lako likae ukutani. Ulikuwa huli vizuri kwa ajili ya hiyo kona.

Sasa sikiliza kosa la mjinga aliyesoma ushonaji. Kule misheni mwalimu wetu alikuwa na sharti moja: nguo ngeni ikifika mezani, igeuze kwanza uitazame ndani, ndipo ushike mkasi. Sharti hilo nimelirudia kwa kila niliyemfundisha, na wewe umo. Jioni ile sikugeuza. Umeme ulikuwa unakatikakatika, nilikuwa na haraka, na kiburi nacho kilikuwepo. Niliona koti jeusi lisilo na kola, matundu mgongoni, nyuzi zinaning'inia, na kwenye kiwiko kiraka kibaya kimezungushiwa shanga nyekundu. Nikajua ni mtumba wa belo la sokoni. Nikasema, maskini mwanangu, kazi imemshinda, ndiyo maana ameniomba.

Nikaziba kila tundu. Mishono midogo, ukipitisha kucha huisikii. Pini nikazitoa zisije zikamchoma mteja. Kile kiraka nikakifumua, nikaweka kipya kwa mashine, cheusi tii, hata hukioni. Alama zako za chaki kiunoni nilidhani ni vumbi, nikazipangusa. Nikapiga pasi, nikalitundika, nikalala nimeridhika, najiambia kesho Imani atanishukuru.

Na kweli ulinishukuru. Ulisimama mlangoni ukaliangalia, kisha ukasema, asante shangazi. Ni hayo tu. Happiness alipofika akalishika, akaligeuza huku na huku, akasema kwa upole, mama, ni koti zuri, lakini ya namna hii tunayo sokoni. Akanywa chai yetu, akaenda zake. Na hata hapo sikuelewa! Nilikaa namsema yule dada wa watu kwamba hajui kitu kizuri, wewe upo pembeni unakunja nguo zako za safari ya Kigoma.

Baadaye Filipo ndiye aliyenifungua macho. Si unajua mwanangu alivyo, hana simile. Akaniambia, mama, kwa Imani kurekebisha ni kupunguza kiuno, kubana, kugeuza. Umeziba kazi yake yote. Mimi tangu nizaliwe ninajua kinachorekebishwa ni kilichoharibika. Neno moja, Imani. Tumelala nyumba moja, tumekula sahani moja, na neno lenyewe tulikuwa hatusikii sawa.

Nilipanda gari mpaka Mikumi kumwomba Happiness. Alinipokea vizuri, akaniketisha, akanisikiliza. Lakini kona ameshampa binti mwingine wa huko huko, nimeona vikapu vyake vimepangwa. Nilirudi Kilosa mikono mitupu.

Basi nikaamua kulifumua. Nikasema angalau niyafungue matundu yako kama ulivyoyaacha. Ndipo nikaligeuza. Kwa ndani, upande wa kushoto, kuna mfuko mrefu wa kitambaa cha maua. Rangi nyeusi uliyolitia koti haikuukolea vizuri, maua bado yanaonekana. Imani, maua yale ni ya pazia la mama yangu. Mfuko ule niliushona mimi, baba yako awe anawekea tumbaku yake asionekane na mchungaji.

Nililia pale pale kwenye kiti cha cherehani. Mteja akaingia, akatoka.

Yaani lile ni koti la kaka yangu. Koti la Herman, la reli, alilolivaa stesheni ya Munisagara miaka yote kwenye ukungu wa asubuhi, nami nimelipangusa kama takataka ya belo. Hukuwa umetoboa mgongo. Matundu yale aliyatoboa mwenyewe kwa kubebea vyuma begani, wewe uliyapambia kingo tu. Na kiraka cha kiwikoni ni changu. Nilikiweka nikiwa najifunza, kitambaa cha kaki kwa uzi mweupe, kwa sababu uzi mwingine sikuwa nao. Kilikuwa kibaya mno! Wenzake walimcheka. Nilimwambia alete nikifumue niweke cha maana, akakataa, akasema, Bibiana, hicho ni cheti chako cha ufundi, hakifumuliwi. Kumbe alikusimulia na wewe.

Seleina alikuja wiki hiyo hiyo kuulizia habari zako, akanikuta na koti mapajani. Aliniuliza kiraka kiko wapi. Akasema mlikaa siku nzima bomani kwao mnazungusha zile shanga, na kila alipotaka kuharakisha ulikuwa unamwambia taratibu, hiki ni cha baba na shangazi. Nilikosa pa kuweka uso wangu.

Kiraka hakipo. Vipande vya nguo vya kibandani kwangu huwa nawashia jiko, unajua. Nilipikia maharage. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu amenikalia mapajani, hashuki.

Lakini kuna jambo moja nataka nikugombeze, vumilia. Kwa nini hukuniambia? Ungelia, ungetupa mkasi, ungeniita mchawi wa nguo! Baba yako na mimi tulikufundisha kwamba mkubwa hajibiwi, ukalishika somo mpaka likakukaba koo. Tulifundisha vizuri kupita kiasi. Adabu ni nzuri, mwanangu, ila haikuwekwa ili mkubwa akuharibie maisha nawe useme asante.

Koti linakuja. Analileta Optatus, kijana wa Mama Filomena, anayekuja huko kununua dagaa. Matundu ya mgongoni nimeyafungua yote, nimevuta uzi mmoja mmoja. Hayatakuwa kama yalivyokuwa, najua, kitambaa kina alama za sindano yangu. Pini zako zote zimo mfukoni, ule wa maua. Shanga sikuzitupa, shanga ni mali. Nimezifunga kwenye kipande cha kanga, Seleina ameongeza zake chache na anakusalimu sana.

Kiwikoni nimeondoa kile kiraka changu cha mashine. Nilikata kitambaa cha kaki, nikatunga uzi mweupe, nikashika sindano kwa mkono niweke kingine kama kile cha zamani. Sikuweza. Nimeshakuwa fundi, Imani, mkono wangu haujui tena kushona vibaya. Nimeacha wazi.

Chumba chako kipo. Sikwambii rudi, wewe ni mtu mzima. Nakwambia kipo, na meza yako haijawekewa kitu. Mama Upendo, huyo huyo wa msiba, alikuja juzi anataka hereni za meno ya zipu kwa ajili ya binti yake. Nimemwambia fundi wake hayupo.

Msalimie mjomba wako na mkewe. Filipo anakusalimu, anasema pole kwa niaba yangu, kana kwamba mimi sina mdomo. Bibi Rutha wa jirani naye anauliza kila asubuhi umepiga simu lini. Mungu aliyemlinda baba yako kwenye reli akulinde na wewe huko uliko, akupe usingizi na hamu ya kula.

Ukimaliza kusoma, nipigie. Shikamoo utaniamkia siku nyingine. Safari hii anza moja kwa moja na matusi uliyoyameza pale mlangoni, nami nitayasikiliza mpaka mwisho.

Ni mimi shangazi yako akupendaye, ambaye safari hii hajarekebisha kitu,

Bibiana